Kamba za Bwana Kioo

Mama Kashindi alisema sitajua kuhesabu kupita vidole vyangu vya mikono. Katekista wetu alisema nitajua, ila nitaishia kwenye vya miguu. Majirani zetu wa mtaa wa Mulongwe, Uvira, ambao sitawataja kwa sababu watoto wao leo wananisalimia kwa heshima, walisema mtoto aliyekulia kwenye mchanga wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, huzeeka akigeuza ndagala, na kwamba nikivuka ziwa siku moja nitavuka kama mzigo, si kama abiria. Yote haya waliyasema mbele yangu. Kwetu mtoto husemwa akiwapo, ili asikie vizuri.

Leo nina diploma mbili. Moja ni ya umeme mdogo, ule wa vyombo vya kupimia. Nyingine ni ya ufundi wa kutoa hewa ndani ya mirija hadi isibaki hata pumzi ya nzi. Zote nilizipata Ulaya, kwa lugha niliyoanza kujifunza nikiwa tayari na ndevu. Nimezitundika sebuleni, na mgeni akikaa kwenye kile kiti kikubwa hana budi kuziona. Nilikipanga kiti hivyo makusudi. Katikati ya diploma hizo, kwenye msumari, nimetundika kipande cha kamba ya katani. Wageni huuliza habari za kamba kabla ya habari za diploma. Huniudhi kidogo, lakini huwaeleza.

Sasa kuna kitu cha tatu. Juzi padre mmoja aliyerudi kutoka Ulaya aliniletea kifurushi alichopewa na binti wa Bwana Kioo. Barua ilikuwa fupi: baba amefariki, mzee, kitandani kwake, bila maumivu mengi. Pamoja na barua kulikuwa na kioo cheusi, kikubwa kama kiganja changu, kimefungwa ndani ya soksi ya sufu. Binti aliandika kwamba kioo hicho kilikaa juu ya meza ya kazi ya baba yake maisha yake yote, na kwamba mzee aliagiza kirudi kwa mwenyewe. Nilikinusa kwanza. Ninyi wa rika langu hamuhitaji kuelezwa kwa nini mtu wa Uvira hunusa kitu kabla ya kukitazama. Harufu ilikwisha kutoka zamani, lakini pua yangu iliirudisha yenyewe: mifupa iliyochemshwa, maji ya ziwa, na ndagala wa saa sita mchana.

Bwana Kioo alikuwa Mjerumani. Jina lake halisi lilikuwa refu na midomo yetu ililikataa. Alifika uhuru ukiwa bado mpya, siku zile Wabelgiji walipokuwa wakipita na magari yenye magodoro juu, wanaelekea Usumbura, Bujumbura ya leo. Wenzake wanatoka, yeye anaingia. Mjomba Byamungu, ndugu ya mama yangu na mvuvi, alimtazama akishusha masanduku yake akasema, "Huyu ni mwizi ao ni mutakatifu. Muntu mwenye akili haingii nyumba wakati wenyewe wanatoka."

Mama yangu, ambaye wote walimwita Mama Nyota kwa jina la dada yangu aliyeolewa Kamanyola, alimpangisha kibanda cha bati uani kwetu. Jioni ya kwanza mgeni alijaribu kumweleza kazi yake, kwa Kiswahili alichokitoa kwenye kitabu, kilichonyooka kama rula. Alisema kutoka juu mbinguni kunanyesha mvua isiyolowesha. Matone yake ni madogo mno. Yanapita kwenye bati, yanapita kwenye vichwa vyetu, mengine yanaingia hata ndani ya ziwa.

"Sasa hivi, Mama Nyota, yanapita katika mkono wako."

Mama aliutazama mkono, akaupangusa kwenye kikwembe chake, kitenge cha kiunoni. "Na inauma?"

"Haiumi."

"Basi, iache ipite," mama akasema, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Kazi yake ilikuwa ya kukamata alama za matone hayo. Alikuwa na vioo vidogo vilivyopakwa kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda, na kila kimoja kilifungwa kwenye karatasi nyeusi. Tone likipita ndani ya ile ngozi nyeupe, huacha mstari mwembamba ambao mtu huuona baadaye kwa darubini, baada ya kukiosha kioo kwa dawa gizani. Vioo vingine aliviweka juu mlimani, kupita Lemera. Vingine vilikaa chini ya bati letu. Vya tatu vilitakiwa kushuka ndani kabisa ya ziwa, ili ajue ni matone mangapi yana nguvu ya kufika huko. Alisema alitafuta sana kwenye ramani mahali ambapo mlima na kina cha maji vimekaa goti kwa goti, akaona Uvira. Profesa wake huko kwao alikuwa amempa muda hadi kiangazi cha nne. Akirudi na vioo vya ziwani ataitwa daktari, wa vitabu si wa sindano, na atapewa kazi. Akirudi bila vioo, kuna kijana mwingine anangoja nafasi ile ile, na baba wa huyo kijana anajulikana na profesa. Hayo alimwambia mama, na mama alituambia sisi, kwa sababu hadithi ya mtu anayenyang'anywa nafasi na mwenye ndugu mkubwa haikuhitaji kufasiriwa Uvira.

Tatizo lilikuwa kamba. Kamba yake ya chuma ilikuwa imefika bandarini Kalundu, imefungiwa kwenye ghala, na karani mwenye ufunguo alikuwa ameondoka na Wabelgiji. "Kamba iko hapa, ufunguo uko Ubelgiji," Mjomba alisema, na watu walilicheka neno hilo mwezi mzima. Ikabidi Bwana Kioo aazime kwa wavuvi.

Pwani yetu kamba haikuazimwa hivi hivi. Mwenye kamba aliipima mbele ya watu kwa mikono yake mwenyewe, ameinyosha kifuani kutoka kidole hadi kidole, pima moja, pima mbili, akihesabu kwa sauti. Kisha alichana kipande cha kikwembe cha nyumba yake na kukifunga mwanzoni mwa kamba. Siku ya kurudisha, kitambaa kiwepo, na yeye mwenyewe apime tena kwa mikono ile ile. Hapakuwa na karatasi. Wenye kamba saba walimwazima, Mjomba akaziunga, kwa sababu mafundo ya Bwana Kioo yaliwachekesha hata watoto, na sanduku lenye vioo ishirini na vinne likashuka ziwani likiwa limefungwa vizuri kwa mpira na skurubu nne zenye masikio.

Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Siku moja nilimuuliza vioo vile vinafanya nini kule chini. Alifikiri, akatafuta neno la mtoto, akasema, "Vinakamata vitu vidogo. Vidogo kuliko ndagala."

Ndugu zangu, jiwekeni mahali pangu. Nimezaliwa kwenye ndagala. Ninajua ndagala, na ninajua watoto wa ndagala wanaopita kwenye tundu za nyavu. Nikaelewa mara moja: huyu muzungu ana mtego wa samaki ambao macho hayawaoni. Niliona ni akili nyingi sana. Nilijivuna kuishi naye ua mmoja.

Siku sanduku lilipovutwa, miezi miwili baadaye, Bwana Kioo alikuwa anatetemeka kwa malaria. Alisimama ufukweni hadi alipoliona, kisha akaanguka, na watu wakambeba kwenda dispanseri. Njia nzima alikuwa anapiga kelele za maagizo, lakini kwa Kijerumani. Sanduku lililetwa kwetu. Mama alikuwa ameondoka na kikapu kwenda soko la Kavimvira. Nilibaki mimi, mkeka wa ndagala, na sanduku ambalo kona yake moja ilikuwa inachuruzika maji.

Kitu kikitoka ziwani na hakikuanikwa, kesho kimeoza. Hilo tulilijua kabla ya kujua Baba Yetu. Nilingoja kidogo nione kama kuna mtu mzima atakuja. Hakuja mtu. Nikazifungua skurubu zenye masikio. Karatasi za juu zilikuwa zimelowa. Nilipoitoa ya kwanza nikakuta kioo chenye ngozi nyeupe, laini, na nilipokinusa kilinuka mifupa na gundi, harufu ya samaki kabisa. Shaka yote ikaniisha. Nilivianika vyote. Nilivihesabu kwa vidole vya mikono, nikamaliza vya miguu, vikabaki vinne. Nilivipanga safu safu juu ya mchanga, ngozi ikitazama jua, kando ya ndagala wa mama. Jua lilipofika utosini nikavigeuza. Baadaye nikavigeuza tena. Nilifukuza mabata, nilifukuza kunguru, nilikataa kwenda kuoga na wenzangu. Sijawahi kufanya kazi kwa uaminifu kama siku ile, na mimi nimefanya kazi nyingi nzuri.

Alasiri Bwana Kioo aliingia uani, anajikokota kwa fimbo, amewatoroka wauguzi. Alisimama. Vioo vilikuwa vinang'aa kila mahali kati ya ndagala.

"Nani ameanika?" akauliza.

"Minye."

"Vyote?"

"Vyote. Na niligeuza."

"Uligeuza."

"Mara mbili, vikauke pande zote."

Alikaa chini pale pale, juu ya ndagala. Aliokota kioo kimoja, akakitazama upande huu na upande huu, kama mtu anayetafuta uchafu kwenye sahani. Hapo mama akaingia. Hakuelewa jambo, lakini aliuelewa uso wa mtu mzima aliyekaa juu ya ndagala. Akachukua mwiko.

"Huyu mutoto nitamuua leo! Bwana, niache nimupige kwanza, kisha utanieleza iko nini!"

"Mama Nyota, usimpige. Amefanya kazi siku nzima."

Kesho yake alikiosha kimoja kwa dawa ndani ya kibanda chake cha giza, akanitolea nje. Kilikuwa cheusi tii, pande zote.

"Hiki kiliona kitu kimoja tu," akaniambia. "Jua la Uvira. Kililiona lote, likafunika kila kitu kingine." Kisha, bila hasira, akanieleza habari za kwao. Baba yake alikuwa fundi wa vioo vya madirisha. Wakati wa vita mji wao ulipigwa, na asubuhi moja hapakuwa na dirisha zima hata moja mtaani. Baba alitumia miaka iliyofuata kutia vioo kwenye nyumba za watu, na dirisha lao wenyewe likabaki na katoni, kwa sababu zamu yao haikufika. Yeye alikuwa akimshikia baba yake vioo, na mara nyingi viliponyoka. "Hakunipiga hata siku moja. Alisema kioo kina kazi ya kuvunjika. Mtoto ana kazi nyingine."

Nilipoteza hofu yangu mara ile, nikafikiri jambo limekwisha. Lakini jioni nilimkuta nyuma ya choo, amejishika uso, analia kwa Kijerumani. Ndivyo nilivyowaza, kwamba hata kilio kina lugha yake. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Alikuwa na vioo vingine ishirini na vinne, vya akiba. Muda ulibaki kidogo lakini ulitosha kushusha mara moja tena. Kamba ndizo hazikuwapo. Wenyewe walikuwa wamekwisha kupima na kuzichukua. Giza la mwezi lilikuwa linakaribia, ndagala wangekuja kwenye taa, na kutoka bondeni, upande wa Lubarika, habari mbaya zilianza kufika: vijana wanaingia porini, askari wanachoma nyumba. Bwana Kioo alizunguka kwa wote saba na wote saba walimkatalia kwa adabu. Muzungu akikimbia, kamba inakimbia naye.

Kosa lilikuwa langu. Nikaenda mimi.

Nilianza na Mama Kashindi, kwa sababu akikubali yeye wengine wangeona haya kukataa. Alikuwa mjane mrefu, mabega kama ya mwanamume, mwenye mitumbwi miwili na wapiga makasia wanne wanaomwogopa. Nilimkuta anashona wavu, na wapiga makasia wake wamekaa kando.

"Hodi, Mama Kashindi."

"Karibu, mukaushaji wa vioo."

Wapiga makasia walicheka hadi mmoja akapaliwa na mate.

"Nimekuja kuazima kamba."

"Weye? Uko na mutumbwi?"

"Hapana."

"Uko na wavu?"

"Hapana."

"Sasa uko na nini?"

"Niko na makosa."

Kicheko kilikatika. Mama Kashindi aliweka sindano yake ya kushonea wavu chini.

"Makosa hayafungi mutumbwi," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Na kamba ikipotea, nani ataleta? Muzungu?"

"Minye."

"Lini?"

"Nikikua."

"Nikikua! Sikieni! Utaleta pima ngapi?"

Nilitazama vidole vyangu. Sikujua.

"Si munaona? Mutoto kama huyu hatajua kuhesabu kupita vidole vyake. Anataka kuchukua kitu haijui ni ngapi." Akasimama, akaingia ndani, akatoka na kamba begani. "Shika hapa. Sema nyuma yangu."

Akanyosha mikono ile mirefu. Pima moja. Nikasema, moja. Pima mbili. Nikasema, mbili. Alikwenda polepole, na nilipofika ishirini, vidole vyangu vyote vimekwisha, aliningoja. "Endelea. Minye niko hapa." Tulifika thelathini. Akachana kipande cha kikwembe chake, cha manjano chenye ndege wa buluu, akakifunga. "Thelathini. Siku utaleta, nitapima minye mwenyewe, na hii mikono. Si mita ya muzungu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuhesabu, kwa wale wanaotaka kujua mizizi ya diploma zangu. Wengine sita walitoa siku mbili zilizofuata.

Sanduku lilishuka. Kabla halijakaa nusu ya siku zake, uasi uliingia mjini. Siku moja ni waasi, wamejifunga majani na ngozi vichwani, siku nyingine ni askari wa serikali, na sisi wa katikati tukijifunza kusalimia kila kundi kwa namna yake. Lori la mapadre likaja kuwachukua wageni wa mwisho. Bwana Kioo alikuwa na muda wa kufunga begi moja. Alimpa mama mikono yote miwili, kisha akaniinamia mimi.

"Usilitoe sanduku. Vioo ni vioo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kama utalitoa," akasema, akajaribu kucheka, "usianike."

Tulingoja nafasi ya kulitoa, kwa sababu kamba za watu zilikuwa huko huko chini. Askari walikaa Kalundu, wakakataza mitumbwi, na boti lao la mota likawa linapita kutwa. Mjomba aliwachunguza kama anavyochunguza samaki. Akagundua kwamba saa ya jua kali, wakisha kula, boti hulala. Siku moja mchana mweupe, ziwa limenyooka, tukaingia mtumbwini wawili tu, tukapiga makasia hadi kwenye kibuyu kilichokuwa alama yetu.

Tulivuta hadi viganja vikachubuka. Vitambaa vilianza kutokea majini kimoja kimoja: chekundu cha nyumba hii, cha maua cha nyumba ile, na nilivisalimia moyoni kwa majina ya wenyewe. Kamba iliyolowa ilijaa miguuni mwetu hadi mtumbwi ukakaa chini sana, maji yanaramba ukingo. Sanduku lilipotua ndani, tukasikia mota.

Mjomba hakupiga kelele. Alitazama upande wa Kalundu, akatazama mzigo.

"Na vyote viwili hatufiki," akasema. "Kimoja kiende. Weye uliazima, weye sema."

Nimefanya mitihani mingi maishani mwangu, mbele ya watu wenye mvi na miwani. Hakuna uliokuwa mfupi kama ule.

"Kamba," nikasema.

Mjomba alikata fundo la sanduku kwa kisu, tukaisukuma kamba yote nje kwa miguu na mikono. Haikuzama mara moja. Ilijikunjua polepole, vitambaa vikipita chini ya mtumbwi kimoja baada ya kingine, vikififia, na cha mwisho kuonekana kilikuwa cha manjano. Risasi moja ilipigwa, sijui walilenga nini. Sisi tulikuwa tumekwisha kuingia kwenye matete ya mlango wa mto Mulongwe.

Nilikwenda kwa Mama Kashindi siku ile ile, kabla mtu mwingine hajamwambia. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa amebakiza kamba fupi tu, isiyofika palipo na samaki. Msimu ule wote nyavu zake zilining'inia kavu, na watoto wake walikula bugali kwa chumvi. Ninajua, kwa sababu tulikuwa tunaona sufuria za wenzetu. Hakunilaani. Alisema tu, "Utaleta siku ziwa litakauka," akanigeuzia mgongo.

Sanduku halikufunguliwa. Mama alilifunga kwa kikwembe cheusi cha msiba wa baba yangu, akalitia chini ya kikapu kikubwa, akamwaga ndagala juu. Tulipokimbilia Burundi pamoja na watu wengine, mpakani askari alimwambia aondoe ndagala aone chini.

"Utaondoa weye, mwanangu," mama akamwambia. "Wako na siku sita, na jua hili. Minye nimechoka kuwanusa."

Askari alikaribia, akarudi nyuma, akatupa njia. Hakika mama yangu hakujua kusoma, lakini ndiye aliyevusha fizikia mpaka wa Kavimvira. Mapadre wa Usumbura walilipeleka sanduku kwa mwenyewe.

Bwana Kioo alivifungua vioo mwenyewe, gizani, katika nchi ya baridi. Aliniandikia baadaye kwamba joto lilikuwa limefifisha alama nyingi, lakini zilizobaki zilihesabika, na zilitosha. Aliitwa daktari. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha udaktari aliwashukuru wenye kamba saba wa Uvira, mmoja mmoja kwa majina, yote yameandikwa vibaya. Kutoka hapo maisha yake yalipanda. Alifanya kazi kwenye maabara kubwa iliyochimbwa chini ya mashamba, ambako hawangoji tena mvua ile itoke mbinguni, wanaitengeneza na kuizungusha ndani ya mirija mirefu. Miaka mingi alitafuta kitu kimoja ambacho wenzake walisema kipo, akathibitisha kwamba hakipo, na alikuwa akisema hiyo ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote. Vijana walimwita profesa. Mezani kwake, nilikuja kukiona kwa macho yangu, kulikuwa na kioo cheusi. Mwanafunzi aliyemletea hesabu zilizoharibika alipewa kioo hicho akishike, huku akisimuliwa juu ya mtoto aliyevigeuza mara mbili.

Na mimi? Nilibeba magunia Bujumbura. Nilisoma kwa taa ya mtu mwingine. Nilirudia darasa kwa sababu ya lugha, na mwaka uliofuata nikawa wa kwanza. Bwana Kioo aliniandikia barua moja ya kunitambulisha, moja tu, na ninaishukuru hadi leo, lakini mtihani wa kwenda Ulaya niliufanya mimi. Miaka ilipita nikitoa hewa ndani ya mirija ya maabara ile. Mirija yangu haikuvuja. Ulizeni.

Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitarudi, na mwaka ambao nilipata diploma ya pili, nilirudi. Watu walitarajia redio na mashati. Nilishuka Kalundu na mafungu saba ya kamba. Muuzaji alitaka kunipa nailoni. Nikamwambia niliazima katani, nitarudisha katani. Mwanzoni mwa kila fungu nilifunga kitambaa, karibu na rangi ile ya zamani kadiri soko lilivyoniruhusu. Nilizunguka siku tatu. Wawili nilikuta wako hai, wakapima na kucheka na kunishika mashavu kama mtoto. Wanne walikuwa wamekufa, nikawapa watoto na wajukuu wao, nikawataka wapime, na mmoja, kijana ambaye hakujua habari yoyote, aliipokea kamba ya babu yake akafungia mbuzi. Ni haki yake.

Mama Kashindi nilimweka mwisho. Nilimkuta ameketi mlangoni, kichwa cheupe, mgongo umepinda. Yale mabega yalikuwa yameingia ndani. Uwanja ulijaa watu kwa sababu habari zilikuwa zimenitangulia, na sitadanganya, nilikuwa nimevaa suti.

"Hodi, Mama Kashindi. Ziwa limekauka."

Aliitazama suti, kisha uso. "Mukaushaji wa vioo," akasema.

Nilimwekea kamba miguuni. Nilikuwa nimeipima sawasawa, kwa mita ya fundi, kwa urefu wa mikono ya mtu mzima mrefu mara thelathini. Hapakuwa na kosa hata la kidole. Alikigusa kitambaa cha manjano, akataka asimamishwe. Wajukuu walimshika kiuno. Akanyosha mikono.

Pima moja. Viwiko vilikataa kunyooka. Pima mbili. Nilisema nyuma yake, kama zamani. Watu wote wakasema. Tulifika thelathini na kamba ilikuwa bado iko chini.

Akaendelea. Thelathini na moja. Mbili. Tatu. Thelathini na nne, ikaisha.

Mama Kashindi akafungua kinywa kisicho na meno, akacheka hadi wajukuu wakamkaza asianguke.

"Si nilisema? Si nilisema minye? Thelathini na ine! Amekwenda Ulaya, amerudi na suti, na kuhesabu bado haijui!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mtu akapiga kelele, "Diploma mbili hizo!" Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mita mfukoni, ningeweza kuinyosha pale pale mbele yao wote na kuonyesha ni nani aliyebadilika, kamba au mikono.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Nilikosea."

Aliomba kisu. Akakata pima nne za mwisho kwa mkono wake, akazikunja vizuri, akaniwekea kiganjani.

"Beba. Sisi hatukule cha muntu."